Lugha ya Wainuiti na Haki ya Kuhudumiwa katika Nunavut

Makala hii inafafanua uhusiano wa uhifadhi wa lugha na utoaji wa huduma za serikali katika Nunavut, eneo la kiutawala la kaskazini mwa Kanada lililoundwa mwaka 1999, ambalo wakazi wake wengi ni Wainuiti. Sheria ya Kulinda Lugha ya Wainuiti ya mwaka 2008 inazitaka ofisi za umma, na hata mashirika binafsi, kuwahudumia wananchi kwa lugha hiyo. Utekelezaji wake, hata hivyo, hutegemea shule, kwa kuwa muuguzi au karani anayeimudu lugha huandaliwa tangu darasani. Haki ya kufundishwa kwa Kiinuiti ilianza mwaka 2009 kwa madarasa ya chini; madarasa mengine yalipaswa kufuata mwaka 2019. Walimu hawakutosha, na marekebisho ya mwaka 2020 yakaweka ratiba ya hatua kwa hatua hadi mwaka 2039. Hivyo, uhaba wa walimu huzaa uhaba wa watumishi, na mzee asiyejua Kiingereza huendelea kumtegemea mkalimani ili aeleze maradhi yake. Sera ya huduma isiyoambatana na sera ya elimu huiacha haki hiyo katika maandishi.