Mwalimu wa Darasani Anapoandika: Programu za Walimu Washirika na Fundisho la Kanisa



Katika karibu kila shule yetu yumo mwalimu ambaye wanafunzi humtaja hata miaka mingi baada ya kumaliza masomo. Mwalimu huyo ana daftari lililochakaa, lenye maswali, michoro na mifano aliyoikusanya polepole, akisahihisha mwaka huu kile kilichoshindikana mwaka jana. Anapohamishwa au kustaafu, daftari huondoka naye, na mwalimu kijana anayepokea vipindi vyake huanza upya. Hasara hiyo haiandikwi katika taarifa yoyote ya fedha ya shule, lakini watoto wetu huilipa.

Katika makala hii tunapenda kueleza njia moja ambayo baadhi ya nchi zimeitumia ili hekima ya mwalimu isipotee, yaani programu za walimu washirika. Tutaeleza jinsi zinavyofanya kazi, mahali zinapokutana na mapokeo ya Kanisa letu, na yale ambayo parokia na shule zetu zinaweza kujifunza.

Maana ya programu hizi

Mara nyingi vitabu na zana za kufundishia huandaliwa na wataalamu walio mbali na darasa, kisha mwalimu huletewa avitumie. Programu ya walimu washirika hugeuza mpangilio huo. Mwalimu aliye kazini huteuliwa kwa kipindi maalumu, pengine miezi michache, pengine mwaka mzima. Hupewa muda, posho, maktaba na watu wa kushauriana nao, naye huandaa kitini, andalio la mada au zana nyingine kwa ajili ya wanafunzi wake mwenyewe. Kazi ikikamilika, huwekwa mahali ambapo walimu wengine wanaweza kuipata.

Mambo mawili huzitofautisha programu hizi na semina za kawaida. La kwanza, mwalimu haendi kupokea tu, bali huenda kutoa. La pili, hatolewi darasani moja kwa moja. Huendelea kuwa mwalimu, na kile anachokiandika hupimwa mbele ya wanafunzi.

Mfano wa New Haven

Programu inayojulikana sana ya namna hii ni taasisi ya walimu iliyoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Yale na shule za serikali za mji wa New Haven, nchini Marekani. Chuo hicho ni tajiri na chenye jina kubwa, lakini shule zinazokizunguka zina watoto wengi wa familia maskini. Kwa Wakatoliki mji huo si mgeni. Ndipo Padre Michael McGivney, aliyetangazwa Mwenyeheri mwaka 2020, alipoanzisha shirika la Knights of Columbus mwaka 1882 ili kuzisaidia familia za wafanyakazi, hasa wajane na yatima.

Utaratibu wa taasisi hiyo unastahili kuangaliwa hatua kwa hatua. Kwanza, walimu wawakilishi katika shule huwauliza wenzao ni mada zipi wanazihitaji. Pili, taasisi huwatafuta maprofesa wa chuo kikuu walio tayari kuongoza semina juu ya mada hizo. Chuo hakianzi kwa kutangaza kile kinachotaka kufundisha, bali huanza kwa kusikiliza. Tatu, mwalimu huomba nafasi kwa kueleza kitini anachokusudia kuandika na jinsi kitakavyohusiana na masomo anayofundisha. Nne, walimu wachache hukaa pamoja na profesa katika semina kwa miezi kadhaa, wakisoma, wakijadiliana na kukosoana rasimu zao. Mwishoni kila mmoja hukamilisha kitini chenye maelezo ya mada, mbinu za kufundishia, maandalio ya masomo na orodha ya vitabu.

Vitini hivyo hukusanywa katika majuzuu na kutolewa bure kwa walimu wa mahali popote, na kila kimoja hubeba jina la mwalimu aliyekiandika. Baadaye utaratibu huo ulijaribiwa katika miji mingine, ikiwemo Pittsburgh na Houston, na mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa kitaifa wa kuueneza zaidi.

Tunasisitiza jambo moja katika mfano huu. Profesa na mwalimu hukaa meza moja, kila mmoja akiwa na ujuzi ambao mwenzake hana. Profesa anaijua elimu yake kwa kina. Mwalimu anamjua mtoto, anajua mahali anapokwama, na anajua mfano utakaomfungua. Kitini kizuri huzaliwa pale aina hizi mbili za ujuzi zinapokutana.

Mapokeo ya Kanisa

Wapo watakaodhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. La hasha. Takribani miaka mia tatu kabla ya taasisi ya New Haven, Mtakatifu Yohane Baptista wa La Salle, padre wa Reims nchini Ufaransa, aliwakusanya walimu wa watoto maskini na kuwafanya jumuiya, ambayo leo tunaifahamu kama Mabruda wa Shule za Kikristo. Walimu wale hawakuwa na heshima kubwa katika jamii ya wakati ule. Yeye aliishi nao, akala nao, na akaamini kwamba kazi yao ni utume.

Walipohitaji mwongozo wa kuendesha shule zao, Mtakatifu huyo hakujifungia chumbani akaandika peke yake. Mwongozo huo, ambao nakala yake ya mkono ya mwaka 1706 bado ipo, ulitokana na mashauriano marefu na mabruda wenye uzoefu mkubwa wa darasani. Mambo yaliyomo yalikuwa yamejaribiwa shuleni kwanza, faida na hasara zake zikapimwa, ndipo yakaandikwa. Ulichapwa mjini Avignon mwaka 1720, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na kwa miaka mingi uliendelea kurekebishwa kadiri uzoefu ulivyoongezeka. Mwaka 1950 Papa Pio XII alimtangaza Yohane Baptista wa La Salle kuwa msimamizi wa walimu wote.

Sababu za kiimani

Kwa nini Kanisa lione thamani katika njia hii? Tunataja sababu tatu.

Ya kwanza ni kanuni auni, ambayo Papa Pio XI aliifafanua katika waraka wake Quadragesimo Anno wa mwaka 1931. Kanuni hiyo yafundisha kwamba kile ambacho watu au jumuiya ndogo inaweza kukitenda vema kisinyang'anywe na mamlaka ya juu. Wajibu wa mamlaka ya juu ni kusaidia. Mwalimu anayeweza kuandaa mfano bora kwa watoto wa kijiji chake asigeuzwe kuwa mpokeaji tu wa mifano ya wengine.

Ya pili ni hadhi ya mwalimu. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya elimu ya Kikristo, Gravissimum Educationis, la mwaka 1965, lafundisha kwamba shule ya Kikatoliki huwategemea walimu wake zaidi ya wote ili iyafikie malengo yake. Majengo, mabasi na sare ni vitu vizuri, lakini Mtaguso haukuyaweka matumaini ya shule katika hayo.

Ya tatu ni ushirika wa vipaji. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, Bwana wetu anamlinganisha mwandishi aliyefundwa juu ya Ufalme wa mbinguni na mwenye nyumba atoaye katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Hazina haikuwekwa ili ifungwe. Uzoefu wa mwalimu ni karama aliyopewa kwa faida ya wengi, na jumuiya inayomzunguka ina wajibu wa kumwezesha kuitoa.

Hali ya kwetu

Nchini Tanzania, Taasisi ya Elimu ndiyo yenye dhamana ya mitaala na vitabu vya kiada. Tangu Januari 2024 mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika kwa awamu, nao unamdai mwalimu amsaidie mwanafunzi kutenda, kuchunguza na kutatua matatizo, si kukariri tu. Kitabu cha kiada hutoa msingi, lakini hakiwezi kuwa na mfano wa kila mahali. Mwalimu wa kando ya Ziwa Viktoria anaweza kufundisha uvukizi kwa dagaa walioanikwa juani. Mwalimu wa milima ya Usambara anaweza kufundisha mmomonyoko wa udongo kwa shamba linaloonekana dirishani. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini anahitaji jaribio la sayansi linaloweza kufanywa na wanafunzi themanini. Mambo hayo yanajulikana vema zaidi na yule anayesimama mbele ya darasa hilo.

Msingi wa kuanzia upo. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaofahamika kama MEWAKA, unawataka walimu wakutane katika jumuiya za ujifunzaji shuleni na katika vituo vya walimu. Aidha, mradi wa TESSA, ulioanzishwa mwaka 2005 chini ya uratibu wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza na kuvishirikisha vyuo kadhaa vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, umeandaa zana za mafunzo ya ualimu zinazotolewa bure, zikiwemo za Kiswahili. Zana hizo zinaweza kurekebishwa zilingane na mazingira ya mtumiaji. Kwa hiyo walimu wetu hawaanzi na ukurasa mtupu.

Mambo ya kuzingatia

Njia hii ina hatari zake, na ni vema kuzitaja waziwazi.

Hatari ya kwanza ni kumwongezea mwalimu mzigo bila kumpunguzia mwingine. Kumwambia mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki aandike kitini usiku, bila posho wala nafuu ya vipindi, si kumheshimu. Kanisa linalohubiri ujira wa haki kwa wafanyakazi wa wengine, tangu waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, haliwezi kuwasahau wafanyakazi wake lenyewe.

Ya pili ni kumnyima mwalimu jina lake. Kitini kikichapwa kwa jina la shule au la ofisi pekee, ilhali mmoja ndiye aliyekesha, haki imevunjwa. Vilevile mwalimu asinakili kurasa za kitabu cha mwingine akaziita zake.

Ya tatu ni kukosa uhakiki. Kosa la mwalimu mmoja, likichapwa, huwa kosa la shule nyingi. Kila kitini kisomwe na wenzake pamoja na mtaalamu wa somo, na kitambulike kuwa ni nyongeza kwa vitabu vilivyoidhinishwa, si badala yake. Kwa somo la dini Kanisa lina sheria yake. Kanuni ya 804 ya Sheria za Kanisa huiweka elimu ya dini katoliki chini ya mamlaka ya Kanisa, na kanuni ya 827 hudai vitabu vinavyotumika kufundishia Maandiko Matakatifu, teolojia, historia ya Kanisa na maadili vipate idhini. Mwalimu wa dini au katekista anayeandika awasiliane mapema na paroko na idara ya katekesi ya jimbo. Utaratibu huo si wa kumkatisha tamaa, bali unalinda imani ya watoto na jina lake mwenyewe.

Hatari ya nne huonekana kama heshima. Mara nyingi mwalimu bora hutuzwa kwa kuondolewa darasani na kupewa ofisi. Programu za walimu washirika zinatufundisha kwamba yawezekana kumpandisha mwalimu hadhi huku akibaki na wanafunzi wake.

Hatua zilizo ndani ya uwezo wetu

Hatuhitaji kungoja chuo kikuu tajiri. Bodi ya shule inaweza kuwateua walimu wawili kwa mwaka, ikawapunguzia vipindi kwa muhula mmoja na kuwapa posho ya kiasi. Shule jirani zinaweza kuunganisha walimu wa somo moja wakutane kila mwezi, wakiongozwa na mhadhiri au mtaalamu aliye tayari, wakianza na swali walilouliza watu wa New Haven: walimu wenyewe wanahitaji nini? Halmashauri ya walei inaweza kugharimia uchapaji. Wasomi waliomo parokiani, madaktari, mabwana shamba, wahandisi na wahasibu, wanaweza kutoa jioni chache kusahihisha rasimu. Mapadre nasi tutoe maktaba zetu na muda wetu, hasa kwa makatekista, ambao mara nyingi hufundisha bila kitabu chochote mkononi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Tunapohudhuria mikutano ya shule tuna desturi ya kuuliza juu ya matokeo ya mitihani na ada. Tuongeze swali moja: mwaka huu walimu wetu wamepewa nafasi gani ya kuandaa kazi yao vizuri? Bodi inayosikia swali hilo kila muhula italazimika kulitafutia jibu.

Kila tarehe 7 Aprili Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yohane Baptista wa La Salle. Tunapendekeza kwamba kabla ya siku hiyo kila shule yetu imwombe walau mwalimu mmoja mkongwe aoneshe daftari lake, na iketi naye kuona jinsi ya kulifanya liwafae wengine.

Mtakatifu Yohane Baptista wa La Salle, msimamizi wa walimu, utuombee.