Waya wa chaja ukibadilika rangi

Shika chaja ya laptopu yako, utazame shingo ya waya pale unapoingia kwenye pini. Waya mweupe ukigeuka manjano wote, mara nyingi ni jua na jasho la mikono; usiogope. Doa la kahawia mahali pamoja, tena penye joto, ndilo baya: nyuzi za shaba ndani zimekatika, na chache zilizobaki zinabeba umeme wote. Volti 19 hazipigi shoti kama zile 240 za ukutani, lakini joto lake laweza kuwasha godoro. Solotepu inaficha tu. Chomoa, mpelekee fundi. Huku Kampala mafundi hukata kipande kibovu, wakalehemu upya. Na usiuzungushe waya kwa kuukaza kwenye adapta. Hapo ndipo unapoanza kukatika.