Sekunde Nne kwa Kilomita

Kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kivinje, ukipima moja kwa moja juu ya maji na mikoko, ni zaidi kidogo ya kilomita 20. Ndege ya kivita inayokwenda kilomita 900 kwa saa huumaliza umbali huo kwa dakika moja na nusu. Kila kilomita ni sekunde nne. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo, kwa sababu vifaa vya kumtahadharisha rubani kwamba ameshuka mno huelezwa kwa futi na mita, na mimi nashikilia kwamba vinapaswa kupimwa kwa muda vinaomwachia.

Kifaa cha kwanza ni altimita ya kanieneo. Hiki hakioni ardhi wala bahari; kinapima mgandamizo wa hewa tu. Ndege inapopanda, mgandamizo hupungua, na kifaa hugeuza upungufu huo kuwa kimo. Karibu na usawa wa bahari, badiliko la hektopaskali moja ya kanieneo ni kama mita nane za kimo. Kwa hiyo rubani lazima akiwekee kanieneo ya mahali alipo kwa saa ile, la sivyo kitamdanganya huku kikiwa kizima kabisa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika mwambao wetu na mafuriko yakakata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, watu waliona upepo na maji. Kitu kisichoonekana ni kwamba ndani ya kimbunga kanieneo huporomoka. Tuchukue upungufu wa hektopaskali 10 tu: rubani aliyebaki na kipimo cha jana atasoma kimo kilichozidi ukweli kwa takriban mita 80. Mikoko ya Kivinje haifiki hata nusu ya hapo, lakini ndege inayopita hapo mita 60 juu ya usawa wa bahari itamwambia rubani wake kwamba iko 140.

Kifaa cha pili ni altimita ya redio, na hiki ndicho kinacholisha kengele. Hurusha mawimbi kuelekea chini na kusikiliza yanavyorudi. Ukiwa mita 300 juu, wimbi huenda na kurudi kwa sehemu mbili za milioni za sekunde. Rubani wa ndege ya kivita huchagua kimo cha chini kabisa anachokubali, tuseme futi 500, na akikivuka sauti humwambia masikioni: kimo, kimo! Wavuvi wa Kivinje wanaijua kazi hii kwa jina jingine, kwani nahodha anayetupa bildi hupata kina cha maji yaliyo chini ya chombo chake. Mwamba ulio mbele ya omo, bildi haiusemi.

Udhaifu wa altimita ya redio ni huohuo. Inatazama chini tu. Ndege inayoingia kutoka baharini, ikapita juu ya matope ya Kivinje maji yakiwa yamekupwa, kisha ikaelekea kaskazini-magharibi, itakuwa inasoma kimo kizuri kisichobadilika hadi miinuko ya Matumbi ianze kupita chini ya tumbo lake. Namba zitakapoanza kushuka, kilima kikubwa zaidi kiko mbele na sekunde zinakwisha. Tena ndege za kivita hazitulii. Ikilala ubavu sana kwenye kona, mawimbi hayaendi tena chini, huenda pembeni. Na ikilala hivyo juu ya bahari iliyotulia shwari, mawimbi huakisiwa upande mwingine yasirudi. Hapo kifaa hunyamaza au huonyesha kwamba hakina jibu, wakati uleule rubani anapokihitaji.

Hata kikifanya kazi vizuri, ile hesabu ya muda inabaki. Ndege ya kilomita 900 kwa saa iliyoinamisha pua nyuzi 30 hushuka mita 125 kila sekunde. Futi 500 ni mita 150 hivi. Kengele ikilia hapo, rubani amebakiwa na sekunde moja na kidogo, na binadamu hutumia karibu sekunde nzima kusikia, kuelewa na kuanza kuvuta usukani, kabla ndege yenyewe haijaanza kuitika.

Ndiyo maana mhandisi Don Bateman, mzaliwa wa Kanada, aliunda katika miaka ya 1960 mfumo unaotazama pia kasi ya kushuka na kasi ambayo ardhi inakaribia. Katika miaka ya 1990 ukaongezewa ramani ya dunia, ili kompyuta ijue kilichopo mbele na si kilichopo chini peke yake. Tofauti hiyo ina uzito kwetu Afrika Mashariki. Agosti 2012, helikopta tatu za kivita za Uganda aina ya Mi-24 zilizokuwa njiani kwenda Somalia zilianguka kwenye Mlima Kenya. Mwenzao wa nne alitua Garissa salama. Lakini ramani nayo ni ya siku ilipochorwa. Mnara wa simu uliosimamishwa mwaka jana haumo mpaka mtu auingize.

Udhaifu mwingine uko kichwani mwa anayeambiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 2009, ndege ya abiria Airbus A310 ya shirika la Yemenia ilianguka baharini ikizunguka kutua Moroni, Komoro. Watu 152 walikufa, akaokoka binti mmoja wa miaka 12. Miili kadhaa ilichukuliwa na mkondo hadi Mafia, kaskazini tu mwa Kilwa, na watu wa huko ndio walioipokea. Ndege ile haikukosa kengele. Uchunguzi ulisema zililia nyingi kwa pamoja, akili za marubani zikaelemewa, na mienendo yao ya usukani ikaifikisha ndege mahali ambapo mabawa hayabebi tena.

Usiku juu ya bahari hauna upeo wa macho, na sikio la ndani humwambia rubani yuko sawa wakati ndege imelala ubavu. Aprili 2019 rubani wa Japani aliyekuwa katika ndege ya kivita ya F-35 aliishusha kwa zaidi ya kilomita 1,100 kwa saa hadi Bahari ya Pasifiki bila dalili kwamba alijaribu kuiinua. Wachunguzi waliona kwamba huenda alipoteza mwelekeo bila kujitambua. Tahadhari ingemfaa nini mtu anayeamini kwamba anaruka sawasawa?

Jibu la wahandisi lilikuwa kumwondolea rubani kazi hiyo kabisa. Tangu 2014 F-16 za Marekani zina kompyuta inayolinganisha njia ya ndege na ramani ya miinuko, na ikiona kwamba nafasi ya mwisho ya kujiokoa inapita, huigeuza ndege mabawa yakae sawa kisha huivuta juu yenyewe. Mwaka 2016, mwanafunzi wa urubani huko Arizona alipoteza fahamu kwenye kona iliyoufanya mwili wake uwe na uzito wa zaidi ya mara nane. Ndege ikaelekea ardhini kwa kasi kuliko sauti, ikajiokoa, naye akazinduka hai. Wabunifu waliipa mashine hiyo masharti kwa mpangilio huu: isidhuru, isimzuie rubani, kisha ndiyo izuie ajali. Kwa sababu ya sharti la pili, husubiri hadi sekunde ya mwisho kabisa, na kila kosa dogo la ramani hukatwa kutoka kwenye akiba hiyo finyu ya muda.

Ndege za kivita za F-7 ambazo Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) limekuwa nazo zinatokana na MiG-21 ya Kisovieti, muundo wa miaka ya 1950, kabla kompyuta za namna hii hazijakuwapo. Katika ndege ya ukoo huo kinga kubwa hufanyika chini, kabla injini haijawashwa: rubani hukubaliana na wenzake kimo cha chini juu ya bahari, kimo kingine juu ya miinuko, pembe ya mwisho ya kuinamisha pua, na kanieneo ya saa ile kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwa kasi ya kilomita 900, kukubaliana juu ya mita 300 badala ya 150 kunaongeza sekunde moja na kidogo kwenye ule mteremko wa nyuzi 30.