Ndago: Gugu Linalozidishwa na Jembe

Anayeifufua bustani iliyo mbele ya nyumba aghalabu hukutana na ndago. Wengi huidhani kuwa nyasi. Lakini shina lake likibiringishwa vidoleni, pembe zake tatu huhisika mara moja. Mnamo mwaka 1977 Leroy Holm na wenzake waliitaja kuwa gugu baya kuliko yote duniani.

Nguvu yake imo ardhini. Huko viazi vyake vidogo huungana kama shanga uzini, na kile kilichotangulia kuchipua huvizuia vingine visichipue. Jembe likiukata uzi huo, kizuizi huondoka, na viazi vilivyokuwa vimelala huamka. Hivyo palizi ya haraka haraka huiongeza ndago badala ya kuipunguza. Hata plastiki nyeusi haifai kitu, kwani ncha zake kali huitoboa.

Yafaa udongo uchimbuliwe wakati wa kiangazi, viazi viokotwe, na vitakavyosalia viachwe juani, maana kiazi kikikauka hufa. Machipukizi yang'olewe mapema, kabla hayajaunda viazi vipya. Kisha vipandwe viazi vitamu: ndago hupenda jua, na kivuli cha matembele huidhoofisha.