Mti Uliotafutwa kwa Jina Lake

Mwaka 1977, katika msitu wa Kaya Mwarakaya huko Kilifi, pwani ya Kenya, wataalamu wa mimea walikutana na mti mkubwa ambao hawakuweza kuutambua. Walichukua matawi, wakayakausha na kuyahifadhi. Kufikia 1993 mti ule haukuwapo tena. Ulikuwa umekatwa.

Mwaka huohuo wa 1993, mamia ya kilomita kusini, wilayani Kilwa nchini Tanzania, ulionekana mti wa aina ileile. Waliouona waliweza kusema kwa uhakika kwamba ni uleule, kwa kuwa mti wa Kilifi ulikuwa umeshaelezwa kwa maandishi, umepewa jina, na tawi lake lilikuwa kabatini likisubiri kulinganishwa.

Leo mti huo unaitwa kisayansi Karomia gigas. Neno gigas maana yake ni jitu, nao unastahili: hupanda kupita mita 20. Ajabu ni kwamba mti huu mrefu ni wa familia moja na mrehani na kivumbasi tunavyovipanda uani. Kisa chake kinaonyesha kwa nini kazi ya kueleza spishi mpya, inayodhaniwa na wengi kuwa ni ya wasomi kujifurahisha, ndiyo mwanzo wa kuulinda msitu.

Mpya kwa nani?

Mtaalamu anaposema “spishi mpya” hana maana kwamba hakuna aliyewahi kuuona mti huo. Mara nyingi wazee wa kaya, warina asali na waganga wameujua tangu utoto wao, na hata wana jina lake. Upya unaosemwa hapa ni wa kumbukumbu za sayansi: hakuna aliyewahi kuandika maelezo rasmi ya mti huo, akaonyesha tofauti yake na jamaa zake.

Jina la kienyeji ni hazina, ila lina mipaka. Mti mmoja huweza kuwa na majina mengi: mwarobaini huohuo kuna sehemu za pwani unaitwa mkilifi. Na jina moja huweza kubeba miti mingi: ukisema mlama, unaweza kuwa unataja miti kadhaa tofauti ya jenasi ya Combretum. Jina la kisayansi lipo ili mganga wa Kwale, mfamasia wa Nairobi na bwana miti wa Lindi wawe na hakika kwamba wanazungumzia kitu kimoja.

Tawi ndani ya gazeti

Kazi huanza kwa miguu, panga na darubini ya mkononi. Majani peke yake hayatoshi, maana miti mingi isiyohusiana ina majani yanayofanana. Linalotafutwa ni tawi lenye ua au tunda. Miti ya misitu ya pwani haitoi maua kwa pamoja, kwa hiyo huenda ukafika mapema ukakuta vitumba, ukarudi baadaye ukakuta maua yameshapukutika. Ndiyo maana mti mmoja unaweza kuhitaji safari kadhaa, masika na kiangazi.

Tawi likipatikana hulazwa ndani ya karatasi ya gazeti kuukuu. Jani moja hugeuzwa makusudi ili upande wake wa chini uonekane. Ua moja hupasuliwa ili kuhesabu sehemu za ndani. Gazeti hufunikwa kwa kadibodi, likawekwa katikati ya fremu mbili za mbao na kubanwa kwa mikanda, kisha likakaushwa kwa joto kabla ukungu haujaingia. Kipande cha jani hutiwa kwenye mfuko wenye chembe za kunyonya unyevu, kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba.

Kisha daftari. Hapo huandikwa yale ambayo tawi kavu halitayatunza: urefu wa mti, rangi ya ua likiwa bichi, harufu ya gome likikwanguliwa, utomvu kama upo, udongo, mwinuko na mahali penyewe. Ua jeupe huweza kukauka likawa kahawia. Asipoandika aliyeliona, weupe huo umepotea. Na kama kuna mwenyeji anayeujua mti, jina analolitumia na matumizi yake huandikwa papo hapo, kwa idhini yake.

Kabati lenye siri

Sampuli hupelekwa hebaria, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa. Afrika Mashariki tunazo kubwa, kama ile ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko mtaalamu hukaa na sampuli yake, akiilinganisha na jamaa wote wanaofahamika: upana wa jani, nywele za kikonyo, idadi ya petali, umbo la mbegu. Msaada mkubwa ni orodha ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania iliyokamilika 2012 baada ya kazi ya takriban miaka 60, yenye spishi 12,104.

Kulinganisha huku huchukua muda. Utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya mimea mipya iliyoelezwa ndani ya miaka mitano tangu ilipokusanywa. Karibu robo ilihusisha sampuli zilizokaa zaidi ya miaka 50. Hii ina maana kwamba miti mingi isiyojulikana imeshachumwa tayari. Imo kabatini, imebandikwa karatasi yenye jina lisilo lake, na wanaoweza kuitambua ni wachache mno.

Sharti la jina

Hakikisho likipatikana, kuna kanuni za kimataifa za kufuata. Jina huwa na sehemu mbili, utaratibu uliowekewa msingi na Carl Linnaeus mwaka 1753: kwanza jenasi, kisha spishi. Maelezo yanayotofautisha mti huo na mingine lazima yachapishwe. Hadi mwisho wa 2011 yalipaswa kuwa kwa Kilatini. Tangu Januari 2012 Kiingereza pia kinakubalika. Na lazima itajwe sampuli moja ya kielelezo, pamoja na hebaria inakohifadhiwa. Jina hufungwa kwenye tawi hilo. Miaka 100 ijayo, mwenye shaka atalifungua kabati na kulitazama kwa macho yake.

Misitu yetu bado inaleta majina mapya. Mwaka 2021 zilielezwa spishi tatu za jenasi ya Uvariodendron kutoka Kenya na Tanzania. Moja, dzomboense, imepewa jina la Mlima Dzombo ulioko Kwale. Nyingine, mbagoi, imemuenzi Frank Mbago, mtaalamu wa mimea wa Tanzania. Mwaka 2022 ikatangazwa jenasi nzima mpya, Lukea, yenye spishi mbili: moja ya Kaya Ribe, Kenya, na moja ya Udzungwa, Tanzania. Mimea yote hii ni jamaa wa mstafeli na mtopetope.

Jina na afya yako

Katika dawa, kukosea spishi kunaweza kuua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, jijini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya mitishamba kupunguza uzito walianza kuharibika figo. Uchunguzi ulionyesha kwamba badala ya mmea uliokusudiwa, Stephania tetrandra, ulikuwa umetumiwa mwingine, Aristolochia fangchi. Kwa Kichina majina yao ya kawaida yanakaribiana sana. Huo wa pili una sumu inayoua figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Walioathirika walizidi 100.

Kwetu, ambako familia nyingi hutegemea mizizi na magome, somo hili linatuhusu moja kwa moja. Miti miwili ya jenasi moja inaweza kufanana machoni ikatofautiana kabisa kwa kemikali. Utafiti wowote wa dawa uliofanywa juu ya mti uliotambuliwa vibaya hauna thamani, hata kama maabara ni ya kisasa kiasi gani.

Kisichohesabiwa

Makadirio yaliyochapishwa 2022 yanasema dunia ina takriban spishi 73,000 za miti, na karibu 9,000 kati ya hizo bado hazijaelezwa. Bustani ya Kew ya Uingereza ilikadiria 2023 kwamba mimea mitatu kati ya kila minne isiyoelezwa iko hatarini kutoweka. Sababu yake si ngumu kuiona: miti hiyo huwa michache, kwenye vipande vidogo vya msitu, karibu na mashamba na matanuri ya mkaa. Mti usio na jina hauwezi kuingia kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini. Mradi wa barabara au shamba kubwa ukipimwa athari zake, mti huo hautajwi. Unakatwa bila mtu kujua kilichopotea.

Karomia gigas ilikuwa na jina, na ndiyo sababu ilitafutwa. Baada ya mti wa Kilwa nao kukosekana kwa miaka, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliukuta tena mwaka 2011, ikiwa miti michache tu. Tangu hapo Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania na Bustani ya Mimea ya Missouri, Marekani, wamehangaika kuuotesha. Mbegu zake hushambuliwa na kuvu. Kati ya maelfu, ni chache mno zilizochipua.

Kila mche ulioota unatokana na safari ya watu waliojua wanachokitafuta. Kwa hiyo serikali zetu zinapopanga bajeti, hebaria zisiachwe nyuma, na vijana wasomeshwe kazi hii. Nawe ukiishi jirani na msitu, ukaona mti ambao hata wazee hawauelewi, usiukate kwanza. Ngoja uchanue, kisha mwite bwana miti. Mti wa Mwarakaya hatunao tena, lakini kuna watu waliowahi kulikausha tawi lake kabla ya shoka kufika.