Kwa Nini Nepi ya Mzee Huvuja

Ingia duka lolote kati ya Bunda na Mugumu uulize nepi za mtoto. Muuzaji atataka kujua mtoto ana kilo ngapi, kisha atakutolea saizi yake, paketi nzima au moja moja za kuhesabu. Sasa uliza ya mtu mzima. Mara nyingi utaambiwa hakuna, jaribu mjini. Ikiwepo, ni saizi moja tu, na muuzaji ataifunga kwenye gazeti kabla ya kukukabidhi.

Wanaoihitaji wapo. Katika kata ya Issenye, kama kwingine wilayani Serengeti na ng'ambo huko Tarime, wapo kina mama ambao misuli yao ya nyonga imelegea baada ya uzazi mwingi, wazee wenye tezi dume iliyokua, waliopooza kwa kiharusi, wenye kisukari cha miaka mingi, na waliovunjika uti wa mgongo kwa ajali za bodaboda. Wengi wao hutumia vipande vya khanga na vitenge vikuukuu. Wenye uwezo kidogo hununua pampasi za mtoto na kuzipachika ndani ya chupi. Baada ya saa moja nguo imelowa, na mgonjwa anaona kosa ni lake.

Si kosa lake. Nepi ya mtu mzima iko nyuma ya nepi ya mtoto, na sababu zake zinaelezeka. Moja iko kwenye maumbile yetu. Nyingine, ambayo naiona ni kubwa zaidi, iko kwenye aibu yetu.

Anza na kilichomo ndani. Kata nepi moja ya mtoto katikati juu ya gazeti, uikung'ute. Zitatoka nyuzi laini zitokanazo na mti, na katikati yake chembe nyeupe zinazofanana na sukari. Weka kijiko kimoja cha chembe hizo kwenye glasi, mimina maji, subiri kidogo. Maji yote yatageuka ute mzito, kiasi kwamba ukipindua glasi hayamwagiki. Sasa nyunyiza chumvi ya mezani, ukoroge. Ute unalegea mbele ya macho yako na maji yanarudi kuwa maji.

Jaribio hilo dogo linaeleza nusu ya tatizo. Chembe hizo huitwa sodiamu poliakrileti. Katika maji safi hunyonya mara mamia ya uzito wake. Mkojo una chumvi, na chumvi huzizuia kuvimba, kwa hiyo zikikutana na mkojo hunyonya mara 30 hadi 50 hivi tu. Zikikaliwa hupungua tena.

Historia ya chembe hizo ingemvutia mkulima yeyote wa pamba au mahindi wa Mara. Mwaka 1961 kampuni ya Procter & Gamble ilijaribu kuuza Pampers za kwanza katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois, Marekani. Kazi hiyo iliongozwa na mhandisi wao Victor Mills, na ndani ya nepi zile mlikuwa na nyuzi za mti tu. Katika mji huohuo kulikuwa na maabara ya wizara ya kilimo ya Marekani, na watafiti wake ndio waliounganisha wanga wa mahindi na kemikali za plastiki wakapata kitu chenye kiu ya ajabu. Moja ya matumizi waliyoyafikiria ni kukichanganya na udongo ili shamba lishike maji wakati wa ukame. Miaka ya mwanzo ya 1980 Wajapani walianza kutia chembe za jamii hiyo kwenye nepi, na katikati ya muongo huo Wamarekani nao wakafuata. Nepi ya mtoto ikawa nyembamba, na ngozi ya mtoto ikakaa kavu usiku mzima.

Kwa nini basi chembe hizohizo zisimsaidie bibi kama zinavyomsaidia mjukuu?

Kwanza ni uzito. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo kama 10. Mtu mzima ana kilo 60, 70 au zaidi, na akiketi karibu mwili wote unakandamiza pale palipolowa. Ukitaka kuona kwa macho, lowesha nepi ya mtoto mpaka ivimbe, ifunike kwa kitambaa kikavu, kisha weka juu yake dumu la lita 20 lililojaa maji. Kitambaa kitalowa, na hapo umeweka kilo 20 tu. Viwanda vinajua dawa yake: chembe hukazwa ganda la nje ili zisipondeke na kushikamana, maana zikishikamana huziba njia na mkojo unaofuata hauna pa kupita. Chembe zilizokazwa vizuri ni ghali, na nepi za bei ya chini huzikwepa.

Pili ni kasi. Mtoto mdogo hutoa chini ya mililita 100 kwa mkupuo. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 300 hadi 500, na kikifunguka huweza kumwaga mililita 15 hadi 20 kila sekunde. Chembe zinahitaji muda kuvimba, lakini mkojo hausubiri. Ndiyo maana nepi nzuri huwa na tabaka la juu lisilonyonya kitu, ambalo kazi yake ni kuupokea mkojo kwa haraka na kuutawanya mbele na nyuma kabla haujafika pembeni ya paja. Ukiimiminia maji nepi hafifu utayaona yanatuama juu kwa sekunde kadhaa. Sekunde hizo ndizo zinazolowesha sketi.

Tatu ni umbo. Watoto wa kilo 10 wanafanana sana. Watu wazima wa kilo 70 hawafanani: mmoja ana makalio mapana na miguu myembamba, mwingine ana kitambi, mwingine amelala upande mmoja tangu apooze. Mwanamume huhitaji unyonyaji mbele, mwanamke katikati. Saizi ya mtoto mama anaijua kwa kusoma kadi ya kliniki. Mtu mzima hupimwa kwa mzunguko wa nyonga, na sijaona nyumba nyingi zenye utepe wa kupimia isipokuwa ya fundi cherehani.

Kuna pia hila ya namba. Kipimo cha kimataifa cha nepi za watu wazima, ISO 11948-1 cha mwaka 1996, huizamisha nepi nzima kwenye maji ya chumvi, kisha huiacha ichuruzike na kuipima imebakiza kiasi gani. Hakuna aliyeikalia wala kugeuka nayo kitandani. Kwa hiyo ukiona paketi imeandikwa mililita nyingi, jua kwamba mwilini itavuja mapema kuliko hapo.

Haya yote, hata hivyo, yanatatulika. Japani yametatuliwa kwa kiasi kikubwa. Zaidi ya miaka 10 iliyopita kampuni ya Unicharm ilifikia mahali ambapo nepi za wazee zinauzika nchini humo kuliko za watoto, na mwaka 2024 kampuni ya Oji Holdings ilitangaza kuacha kutengeneza nepi za watoto kwa soko la Japani na kuelekeza nguvu kwa watu wazima. Kemia yao ni ileile inayojulikana kila mahali. Walichonacho wao ni wanunuzi wengi wanaosema hadharani wanachotaka.

Nepi ya mtoto ilipanda hivyohivyo. Pampers za kwanza ziliuzwa senti 10 za Marekani kila moja na hazikuuzika. Kampuni ikapanua uzalishaji hadi bei ikashuka kwenye senti 6 hivi, ndipo soko likafunguka. Kutoka hapo kila kasoro ilikuwa na mlalamikaji. Mama humvisha mtoto nepi kwa mikono yake, huona imevujia wapi, humwambia jirani kisimani, na kesho hununua ya kampuni nyingine. Mtengenezaji asiyesikia hufa. Nepi ya mtu mzima hununuliwa na asiyeivaa, huvaliwa na asiyesema, na mahali pengi duniani huagizwa na taasisi inayotafuta bei ya chini kuliko zote. Huko Marekani, Kimberly-Clark walipoanza kuuza nepi za watu wazima za Depend mwaka 1984 walimtumia mwigizaji June Allyson katika matangazo ya televisheni, kwa sababu walielewa kuwa mteja lazima kwanza aruhusiwe kukiri kwamba anahitaji.

Kwetu hesabu ya soko ni ngumu zaidi. Kwa sensa ya 2022 Tanzania ilikuwa na watu milioni 61.7. Zaidi ya 4 kati ya kila 10 wana chini ya miaka 15, na waliofika miaka 65 ni chini ya 1 kati ya 20. Mwenye kiwanda anakwenda waliko wengi. Kampuni ya Softcare tayari ina viwanda Tanzania na Kenya vinavyotoa nepi za watoto na pedi, na ndiyo sababu bidhaa hizo zimefika mpaka kwenye vibanda vya mnadani. Pedi zenyewe zimefika Bungeni: mwaka 2018 serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani, mwaka 2019 ikairudisha ikisema bei hazikushuka. Sikubaliani na kurudishwa kwake. Lakini pedi zilifika huko kwa sababu wanawake na wasichana walikubali kuzitaja kwa jina.

Mzee wa Issenye ataanzia wapi kuitaja nepi? Watu wa Issenye, kama majirani zao Wanata na Waikoma, wamerithi jamii ya marika, ambamo mtu hupanda heshima kadiri anavyopanda umri. Kilele cha heshima hiyo kinakuja pamoja na kibofu kisichoshika. Mzee huacha kwenda kwenye vikao, husema miguu inamuuma. Anayemhudumia nyumbani mara nyingi ni mkamwana, na kati ya baba mkwe na mkamwana kuna mipaka ya heshima ambayo nepi inaivuka moja kwa moja. Bibi hupunguza kunywa maji ili asilowe. Hilo linamdhuru: mkojo mzito huchokoza kibofu, harufu huongezeka, na maambukizi hupata njia.

Kabla ya kununua nepi yoyote, nenda hospitali. Naliweka hili kwa mkazo kwa sababu wapo wanaofichwa nyumbani kwa miaka na ugonjwa wao unatibika. Mwanamke anayechuruzika mkojo usiku na mchana tangu alipojifungua kwa uchungu wa muda mrefu huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mwili hutengeneza mkojo kama lita 1.5 kwa siku, na nepi haiwezi kuzimudu zote zikitoka mfululizo. Upasuaji unaliziba tundu. Hospitali za Bugando mjini Mwanza na CCBRT Dar es Salaam zimewatibu wanawake wa namna hii bila malipo kwa miaka mingi. Mama anayevuja akikohoa au akijitwika ndoo anaweza kusaidiwa na mazoezi ya kubana misuli ya nyonga. Mzee wa tezi dume ana dawa na upasuaji.

Kwa anayebaki na haja ya nepi, piga hesabu kwanza: 4 kwa siku ni 120 kwa mwezi. Familia nyingi haziwezi, na hapo vitambaa vya pamba vya kufua, vyenye tabaka kadhaa na chupi ya plastiki kwa nje, ni bora kuliko nepi moja iliyokaa mwilini kutwa. Mkojo ukikaa, vijidudu huugeuza kuwa amonia, ngozi hupoteza asidi yake ya kujilinda, na kinyesi kikichanganyika nao ngozi ya mzee huchubuka upesi. Mfuko wa plastiki usigusane na ngozi kamwe.

Ukitumia pampasi ya mtoto ndani ya nepi kubwa, usiikate kingo, maana chembe zitamwagika mwilini. Kumbuka pia kwamba mgongo wake ni plastiki isiyopitisha kitu: ikijaa, mkojo hauteremki kwenye nepi ya chini bali hukimbilia pembeni. Itoboe kwa mipasuko midogo upande wa nje, ndipo nepi mbili zifanye kazi ya mbili. Na kama ina ule mstari wa njano unaogeuka bluu ikilowa, jua kwamba ni kifaa ambacho anayemuuguza mtu wa kiharusi asiyeweza kusema angekihitaji kuliko mama yeyote, lakini nepi nyingi za bei nafuu za watu wazima hazina.

Ipime iliyolowa kwenye mzani wa dukani, toa uzito wa kavu. Kila gramu ni mililita moja, na hapo utajua unahitaji ya ukubwa gani. Kisha rudi kwa muuzaji umweleze imevujia wapi. Ikivujia pajani, ama ni kubwa mno kwa mguu huo au tabaka la juu ni zito kupokea. Ikivujia mbele kwa mwanamume, unyonyaji umewekwa katikati. Ikivujia mgongoni usiku, ni fupi kwa mtu anayelala chali. Muuzaji amwambie wakala wa Mwanza, wakala amwambie mwenye kiwanda.