Je, Wajua? Chuchumaa, Kisha Tabasamu

Mzee akianguka bafuni au kizingitini akashindwa kuinuka, itazame miguu yake kabla hujamgusa. Mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umelala ukielekea nje, yaelekea mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga. Hapo si pa kukanda wala kunyoosha. Familia nyingi hupoteza siku kadhaa zikisema "ameteguka tu", na siku hizo humla mzee miguu yake.

Je, wajua kitanda kinavyokula miguu? Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wazee wenye afya njema, umri wao ukiwa wastani wa miaka 67. Hawakuwa wamevunjika wala hawakuumwa chochote. Walikubali tu kulala kitandani siku 10. Siku ya kumi miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo 1 ya nyama, mafuta hayamo kwenye hesabu. Iwazie ile kilo unayopimiwa buchani. Kama mzima hupungukiwa hivyo kwa siku 10, fikiria bibi wa miaka 80 mwenye maumivu, asiye na hamu ya kula, aliyelazwa majuma sita huku mguu ukivutwa kwa uzito.

Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza unataka mzee aliyevunjika nyonga apasuliwe siku ile aliyolazwa au kesho yake, na siku inayofuata upasuaji aanze kusimamishwa. Ndugu wakiona muuguzi anamwinua mama yao akiwa bado na bandeji mbichi, hulalamika: "Jamani, mwacheni apumzike!" Ni upendo unaosema hivyo, naujua. Lakini kulala huko ndiko kunakoleta nimonia, damu kuganda miguuni na vidonda vya mgongo.

Na kumwinua kuna namna yake. Usimvute kwa makwapa. Asogee mpaka ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Kama nyonga ni ya bandia au mguu haujaruhusiwa kubeba uzito, mtaalamu wa fiziotherapia aonyeshe kwanza mguu huo uwekwe vipi. Kwa wengine, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti, kifua kiiname mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha asukume godoro kwa mikono. Utashangaa jinsi mwili unavyonyanyuka wenyewe ukishaelekea mbele.

Je, wajua mkongojo hushikwa mkono gani? Wengi huushika upande wa mguu unaouma, na ni kosa. Ushikwe mkono wa upande wa pili, uende mbele pamoja na mguu mgonjwa, ili misuli ya nyonga iliyoumia ipunguziwe kazi ya kubeba kiwiliwili. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima. Kushuka hutangulia mguu mgonjwa.

Nyonga ikishavunjika, mwili haurudi wote kwa pamoja. Utafiti uliofanyika Baltimore na kuchapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia mamia ya wazee wa namna hiyo. Huzuni, akili na kazi za mikono vilifikia kikomo cha kupona kwao katika mwezi wa nne hivi. Miguu iliendelea kupona hadi karibu mwezi wa kumi na moja. Basi mzee anayeongea vizuri na kumenya viazi mwezi wa nne asidhaniwe amemaliza kupona, na asiyeweza bado kwenda sokoni asiambiwe kwamba ndiyo basi tena. Kwa bahati mbaya, huo ndio wakati familia nyingi huacha mazoezi.

Wazee wengi hawarudii mwendo wao wa zamani, na wengine hawaumalizi mwaka. Hilo lisifichwe. Ila mama yake Malkia Elizabeth wa Pili alivunjika nyonga Januari 1998 akiwa na miaka 97, akapasuliwa, akaishi hadi Machi 2002.

Je, wajua kwamba Dar es Salaam tabasamu limewahi kuwa kipimo cha mfupa? Shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, hutoa vyuma vya kuunga mifupa mirefu ambavyo daktari anaweza kuviweka bila ile mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji. Mgonjwa akirudi kliniki hupigwa picha akichuchumaa na kutabasamu. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa wagonjwa waliovunjika mfupa wa paja. Waliangaliwa wamechuchumaa chini kiasi gani, kama wameshikilia kitu, na uso unasemaje. Napenda kipimo hiki kwa sababu kinauliza swali la nyumbani kwetu: mtu anaweza kwenda chooni, kupuliza jiko, kuokota kijiko kilichodondoka?

Lakini angalia sana: kipimo hicho ni cha mfupa ulioungwa kwa chuma katikati ya paja. Mzee aliyewekewa nyonga ya bandia asijaribu kuchuchumaa mpaka daktari wake aruhusu, kwani nyonga hiyo inaweza kuchomoka. Mtengenezeeni kiti cha choo kilichoinuka kabla hajatoka hospitali.

Na kama kuna anayesema mzee hawezi tena kuongeza nguvu, mwambie habari ya Boston, mwaka 1990. Wakazi 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi, walianza mazoezi mazito ya mapaja kwa majuma 8. Nguvu za misuli hiyo ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha mikongojo yao, na kati ya watatu walioshindwa kusimama kutoka kitini bila kujishikiza kwa mikono, mmoja akasimama.